Treni ya Mombasa iishie Syokimau, au abiria afikishwe mjini Nairobi?

Tangu Nairobi Railway City, mpango wa kuliendeleza upya eneo la stesheni ya kati ya Nairobi, uzinduliwe Desemba 2022, kuna hoja inayonifikia kila mara: stesheni ya mjini imekula chumvi nyingi, abiria wa Mombasa wameshazoea kushukia Syokimau, nje ya mji, basi zile ekari 425 zinazoizunguka zijengwe maofisi, maduka na nyumba. Mimi naipinga. Mwenye fikra tofauti, karibu tubishane.

Reli kutoka Mombasa ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899, maili ya 327. Mji haukuwepo. Palikuwa na tambarare chepechepe, Enkare Nairobi, maji baridi kwa lugha ya Wamaasai, na wajenzi walitaka mahali pa kuweka vifaa kabla ya kuanza kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Karakana ikajengwa, makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa, wenye maduka wakafuata. Hata leo Moi Avenue inakuteremsha hadi mlangoni pa stesheni. Ukishuka garimoshi pale, umefika: soko la Muthurwa liko jirani, steji za matatu ziko hapo hapo, na hospitali, mahakama na ofisi unazifikia kwa miguu.

Halafu ikaja Madaraka Express, treni ya abiria ya Mombasa na Nairobi kwenye reli mpya ya SGR, 31 Mei 2017. Siidharau hata kidogo. Niliyekuwa nikilala ndani ya treni ya zamani usiku kucha nikaamkia nyikani Tsavo bado safari ndefu, leo nafika kwa saa tano hivi. Ila reli mpya ina upana wa milimita 1,435 na ya zamani ni 1,000. Treni ya Mombasa haina njia ya kuingia mjini. Na reli ilipoendelezwa hadi Naivasha mwaka 2019, ilipitishwa kwenye daraja juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ikaukwepa mji kabisa.

Niwaeleze nilichokiona. Nilikuja na treni ya usiku, ile inayoondoka Mombasa saa nne. Tulishuka Syokimau kabla ya alfajiri, baridi ya huku juu ikitupokea. Mbele yangu alikuwa mama mmoja na mtoto aliyelala begani, gunia la nazi miguuni, na kapu la maembe alilolifunga kwa kanga. Alikuwa anakwenda soko la Gikomba, mjini. Dereva wa teksi alimtajia bei iliyozidi nauli aliyolipa kutoka pwani. Yule mama hakujibu neno. Alirudi akakaa juu ya gunia lake, akamfunika mtoto kwa ncha ya leso, akangoja kukuche. Saa tano za reli, halafu saa mbili na ushei juu ya gunia. Huyo ndiye anayeambiwa amezoea.

Najua treni ya kuunganisha ipo, inatoka Syokimau kwenye reli ya zamani mpaka stesheni ya kati. Ni huduma nzuri, na ndiyo inayonipa moyo. Ninachotaka ipokee kila treni ya Mombasa, ya mchana na ya usiku, na tiketi iwe moja kutoka Miritini, stesheni ya SGR ya Mombasa, hadi Moi Avenue.

Kuna wanaosema kuingiza reli ya SGR katikati ya mji ni gharama kubwa. Kwa Nairobi ya sasa nakubaliana nao, kwa sababu ingelazimu kubomoa mengi Industrial Area. Lakini wasituambie kwamba haiwezekani. Dar es Salaam waliijenga stesheni yao ya SGR kando ya ile ya zamani, mjini kabisa, na abiria wa Dodoma anashuka akitembea kwenda Kariakoo. Huo ulikuwa uamuzi tu, na sisi tuliamua vingine.

Ndiyo maana ardhi hii inaniuma. Mpango wenyewe una stesheni mpya ya kati ndani yake, jambo jema. Hofu yangu ni utaratibu: minara ianze, stesheni ingoje fedha, na huku njia za reli zikimegwa kidogo kidogo. Treni za Embakasi, Ruiru na Kikuyu zote zinategemea njia hizo. Ukishajenga ghorofa juu ya reli, nani atakuja kuibomoa? Na jumba la makumbusho la reli lililofunguliwa 1971 lisiguswe. Mle ndani kuna behewa ambalo simba alimvutia nje afisa wa polisi, Charles Ryall, kule Kima mwaka 1900. Watoto wetu wanastahili kuliona mahali lilipo.

Kwa hiyo wanaounga mkono majengo nawaomba wanijibu hili moja: kabla ghorofa la kwanza halijapanda, tuonyeshwe ratiba. Treni ya Mombasa ikifika usiku wa manane, abiria wake watapokewa na treni gani?