Ufuta wa Lindi: tupige marufuku kilimo cha kuhamahama, au tukichoree ramani?

Mtoa mada
Ufuta unamaliza misitu ya Kilwa na Liwale. Watu hufyeka kiangazi, huchoma kabla ya mvua, hupanda mahindi kisha ufuta, na baada ya misimu 2 au 3 wanasonga mbele. Hoja yangu: mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji utenge msitu na mashamba ya kudumu, basi. Atakayekutwa na shoka nje ya mpaka alipe faini. Nani anapinga?

Panga Butu
Mimi. Kinachomhamisha mkulima si uvivu, na mara nyingi kuisha kwa rutuba kunakuja baadaye. Kinachomtoa kwanza ni magugu. Mche wa ufuta hukua taratibu wiki 4 za mwanzo, nyasi zikiutangulia hakuna mavuno. Shamba jipya lililoungua vizuri lina magugu machache. Msimu wa tatu palizi zinaongezeka, mikono ni ile ile. Faini haiondoi nyasi. Itamsukuma mtu afyeke mbali zaidi, kamati ya kijiji isikofika.

Tufanye hesabu. Kaya inalima ekari 4 kwa miaka 3, kisha inazipumzisha miaka 12. Mzunguko ni miaka 15, kwa hiyo inahitaji vipande 5, yaani ekari 20. Kaya 300 ni ekari 6,000. Mkiwapa 3,000, pumziko linashuka mpaka miaka minne na nusu: vichaka havijafunga kivuli, nyasi hazijafa, na mtu anarudia magugu yale yale aliyoyakimbia. Mpango wa namna hiyo umevunjika kabla wino haujakauka.

Jembe la Mstari
Magugu yana dawa: acheni kumwaga mbegu. Mistari iachane sentimita 50, miche ipunguzwe ibaki sentimita 10 kati ya mmoja na mwingine. Palizi ya kwanza ifanyike wiki ya 2 au ya 3, pamoja na kupunguzia. Ukichelewesha kupunguzia, miche inarefuka myembamba na haitoi matawi. Ila nakubali, kwenye udongo wa kichanga mistari peke yake haitoshi. Bila mbaazi kwenye mzunguko au samadi, udongo utachoka tu.

Kifungu cha Saba
Mnajadili kana kwamba shamba lililopumzishwa halina mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 7, inahesabu ardhi iliyopumzishwa kuwa sehemu ya ardhi ya kijiji. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo, inapofafanua ardhi ya jumla, yaani isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Pumziko likiandikwa "pori" kwenye mpango, kijiji kimejipokonya chenyewe ushahidi kwamba ardhi hiyo ni yake.

Mtoa mada
Basi kila mwenye shoka atadai msitu wa asili ni shamba alilopumzisha. Tutamkatalia kwa lipi?

Panga Butu
Kwa daftari. Kabla ya mpango kwenda Mkutano Mkuu wa Kijiji, kamati izunguke na wenye mashamba na majirani, ichukue alama za GPS za kila kipande, na iandike mwaka kilipolimwa mara ya mwisho. Kisichokuwemo ni msitu. Picha ya setilaiti peke yake haisaidii: vichaka vya miaka 12 kutoka juu vinafanana na miombo, msitu wa asili wa huku.

Kisha sheria ndogo ziseme mambo yanayopimika. Visiki vising'olewe, maana miombo hurudi kwa machipukizi ya visiki na mizizi. Trekta likishang'oa, miaka 12 haitoshi tena. Mpingo na mninga visiguswe. Mita 60 kutoka mtoni hakulimwi. Kabla ya kuchoma, pande zote zisafishwe upana wa mita 3 au 4, majirani wapewe taarifa, na moto uwashwe jioni upepo ukitulia, kuanzia upande unaoelekea upepo uendako. Moto wa mchana wa Oktoba ndio unaoingia msitu wa hifadhi, na mara nyingi unaharibu eneo kubwa kuliko lile shamba.

Njia ya Ng'ombe
Na mifugo? Tangu wafugaji waondolewe bonde la Usangu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007 na wengine kuletwa Lindi, machipukizi hayo mnayoyategemea ni malisho. Daftari likimtaja mkulima tu, mtakuwa mmeandika ugomvi. Waandikwe na wanaolisha, na miezi yao.

Mtoa mada
Daftari nalikubali. Faini naishikilia, ila kwa anayeng'oa visiki na anayechoma mchana.