Tunaenda kwa Batwa wa Kisoro tukiwa na watoto: tuingie vipi bila kuwavunjia heshima?

MamaTabia (Nakuru):
Habari za jioni wakuu. Desemba hii mimi na mume wangu tunavuka Busia kwenda kusini-magharibi mwa Uganda. Yeye ana kibali cha kuwaona gorila upande wa Rushaga, katika msitu wa Bwindi. Mimi nitabaki na watoto, mmoja ana miaka 9 na mwingine 12, na aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwafuata gorila. Tumeambiwa siku hiyo tunaweza kutembea na Batwa, wenyeji wa asili wa misitu ya huko, kwenye njia yao kule hifadhi ya Mgahinga.

Nataka watoto waende wakiwa wageni, wasije wakawa kama wako kwenye maonyesho ya kilimo. Wanasalimiwa vipi? Picha je? Twende na zawadi gani? Na hela tumpe nani? Mwenye kujua anisaidie.

DerevaWaMuhabura (Kisoro):
Dada, karibu sana kwetu. Naendesha wageni hapa tangu 2009. Nilizaliwa Rutshuru, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, nikalelewa na shangazi yangu hapa Kisoro, kwa hiyo haya nayasema kama jirani yao.

Tuanze na jina. Waite Batwa. Neno "mbilikimo" liacheni Nakuru, na uzungumze na watoto mapema, huenda wamelisikia shuleni. Na ile tabia ya kusimama bega kwa bega na mzee ili picha ionyeshe nani mfupi, nimeiona mara nyingi na kila mara naona aibu.

La pili, wajue mnaingia nyumbani kwa nani. Mgahinga na Bwindi zilifanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, Batwa wakatolewa. Wengi walibaki bila ardhi, wakawa vibarua kwenye mashamba ya viazi ya sisi majirani. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba walitolewa bila fidia ya haki, lakini ukipita vijijini mwao leo bado utawakuta kwenye vipande vya ardhi vya kuazima. Mzee wa miaka sitini atakayewatangulia alikulia ndani ya msitu huo. Siku akiwa na mgeni na askari wa hifadhi, anaingia. Siku akiingia peke yake na upinde, anaitwa jangili. Watoto wako wakilielewa hilo moja, mengine yote watayaona kwa macho tofauti.

Kabla ya kuingia mzee atapiga magoti amwombe Biheko, mungu wa msitu, awahurumie na awape safari njema. Hapo kofia zivuliwe, simu ziingie mfukoni. Kuna mgeni wangu mmoja alichelewa kuwasha kamera, akamwomba mzee arudie. Mzee alikuwa bado amepiga magoti. Aliinuka, akapangusa udongo magotini, akaanza kutembea. Hakusema neno hadi tulipofika kwenye mianzi. Mimi ndiye nilikuwa mkalimani siku hiyo na nilikosa la kutafsiri.

Picha za njiani nyingi hazina shida, ila omba kwanza, na ukishapiga mwonyeshe mwenyewe. Wazee wanafurahi kuziona, na wengine hawana hata picha moja ya wazazi wao.

Watoto watapenda moto. Mzee anaketi, anakikanyaga kipande cha mti mkavu kwa wayo, anasimamisha kijiti kwenye tundu na kukipekecha kati ya viganja. Mikono inashuka na kijiti mpaka chini, na ikifika chini mwenzake ameshadaka juu, kijiti hakisimami. Unga mweusi unaanza kumwagika, moshi mwembamba unatoka. Anaukusanya unga huo kwenye nyasi kavu, anaziinua karibu na mdomo kama anayemnong'oneza mtoto, anapuliza taratibu. Waache watoto wajaribu. Viganja vitawauma dakika ya kwanza, na watamheshimu mzee bila wewe kuwaambia.

Mwisho wa njia kuna pango la Garama, ambamo Batwa walijificha na kukutana zamani za vita. Wanawake huimba humo gizani. Ukisikia wimbo umeanza, zimeni tochi.

Sasa la kikombe, na hili ndilo nililolifungulia simu kuandika. Nyumbani kwa shangazi, Mtwa akija kuuza nyungu, alipewa kinywaji kwenye kibuyu kilichopasuka kilichowekwa kando kwa ajili yake. Hakuna mwingine aliyekinywea. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sisi Bafumbira wa Kisoro, na jirani zetu Bakiga hali kadhalika: Mtwa unaweza kumpa kazi shambani lakini kula naye hapana. Mwaka wangu wa kwanza wa udereva, mama mmoja wa Kitwa alinikaribisha bushera, ule uji wa mtama wa huku. Nikasema nimeshiba. Alikitazama kikombe, akakitazama tena, akaumwaga uji nyuma ya nyumba. Alijua kabisa kwa nini nimekataa. Ilinichukua karibu mwaka mzima kurudi kwenye ile nyumba, nikaomba mwenyewe, nikanywa mpaka chini.

Kwa hiyo mkipitia kijijini mkapewa kikombe, kipokee kwa mikono miwili na unywe. Kama unaogopea tumbo la mtoto, mwache aonje tu, ila kikombe kiguse mdomo. Kwao hicho ni kikubwa kuliko zawadi yoyote utakayobeba.

Hela ya njia lipeni ofisi ya hifadhi, chukueni risiti. Mkipelekwa kijijini na wakala, muulizeni waziwazi Batwa wanapata kiasi gani. Niliwahi kufanya kazi na wakala mmoja aliyepokea dola kwa wageni na kunituma na noti mbili za shilingi kwa wacheza ngoma kumi na saba. Niliacha kazi hiyo. Kapu au chungu mkikipenda, nunueni kwa aliyekifinyanga au kukisuka, na msibane sana bei. Peremende na sarafu kwa watoto wa kijijini msigawe kabisa. Daftari na sabuni mpeni kiongozi wao mbele ya watu.

Msafiri_Tanga:
Mimi nilikwenda 2018, na kusema kweli nilirudi na uchungu. Wanavaa ngozi, wanaruka, wageni wanapiga makofi, halafu wanavaa jezi zao wanaondoka. Nilijiuliza kama si bora tusiende kabisa.

DerevaWaMuhabura (Kisoro):
Ndugu yangu, uchungu huo naujua, na kijiji ulichopelekwa huenda nakijua pia. Usiombe mtu avae ngozi ili picha ipendeze. Lakini nilimuuliza mzee mmoja wa njia ya Mgahinga kama kazi hii inamdhalilisha. Akanionyesha vijana wawili waliokuwa nyuma yetu, wajukuu zake, wamezaliwa baada ya 1991. Akasema, "Bila wageni, hawa wangejua majani haya kwa jina tu." Wakati huo alikuwa ameshika jani la dawa ya tumbo, amelikunja, anawanusisha. Mimi tangu siku hiyo nawaleta wageni, ila nachagua ninayemleta.

BintiBunia:
Niongeze la kwetu Ituri, Kongo. Mambuti wa pande za Mambasa na Epulu nao ni watu wa msituni, lakini ni watu wengine, desturi zao nyingine, msiwachanganye na Batwa. Uzuri ni kwamba Kiswahili wanakisikia vizuri. Nyumba za kambi hujengwa na wanawake, fito zimepindwa na kuezekwa majani ya mongongo, kwa hiyo usichungulie ndani mwenye nyumba hajakukaribisha. Na usiku ukisikia sauti ya molimo, tarumbeta yao ya ibada, inatoka msituni, usitoke na simu kuitafuta. Wanawake na watoto hawapaswi kuiona, na mgeni akae alipo. Kongo tulipata sheria ya kulinda haki zao mwaka 2022, lakini barabara kwa sasa si salama, kwa hiyo dada siwezi kukuambia uje huku na watoto.

MamaTabia (Nakuru):
Asanteni sana wote. Kaka, habari ya kikombe nimewasomea watoto mezani. Yule mdogo amenyamaza, halafu akauliza, "Na yule mama alimpa tena uji?" Nikamwambia ndiyo. Sasa anataka kujua atasemaje asante.

DerevaWaMuhabura (Kisoro):
Alinipa, na safari ya pili akaongeza kikombe kingine.

Upande wetu wa Kisoro mwambie aseme "murakoze". Asubuhi awaamkie "mwaramutse", aanze na wazee. Mkifika upande wa Buhoma lugha ni Rukiga, huko asante ni "webare". Na bebeni masweta na viatu vya matope. Pale Ntebeko, lango la Mgahinga, saa moja asubuhi Desemba kuna baridi ya kukaza vidole, na mzee atakuwa ameshafika kabla yenu.