Illich mnamsomaje siku hizi?

Wadau, nimemaliza Deschooling Society, kitabu cha mwaka 1971 cha Ivan Illich, mwanafalsafa aliyeukosoa mfumo wa shule. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo kila ukurasa ulinichoma. Anasema shule hutuzoesha kudhani cheti ndiyo elimu. Sawa, lakini kesho asubuhi darasani nifanye nini? Niache kazi?

Jibu: Usiache, mwalimu. Rudia sura ya mitandao ya kujifunzia. Alitaka kompyuta iwakutanishe watu wanaopenda kujadili kitabu kilekile. Mwaka 1971! Anza na hilo, bila mtihani wala mahudhurio.

Jibu: Mimi wananichosha mashabiki wake. Wanamnukuu kama msahafu, ilhali yeye mwenyewe alifunga kituo chake cha utafiti na mafunzo cha Cuernavaca, Mexico, mwaka 1976 kikiwa na jina kubwa. Na hesabu zake hawazigusi. Katika kitabu chake kingine, Energy and Equity, alijumlisha saa za Mmarekani barabarani na za kutafuta pesa ya gari: 1,600 kwa mwaka, kwa maili 7,500. Haifiki hata maili 5 kwa saa! Ukitaka kumwendeleza, ipigie simu yako hesabu kama hiyo: saa unazokaa nayo na saa za kutafuta pesa yake.

Muulizaji: Ya simu naiogopa, kusema kweli. Kundi la kitabu nalianza, ila mwalimu mkuu lazima atadai daftari la mahudhurio.