Programu huria kwa tovuti ya shirika kubwa, nani kashajaribu?

mtoto_wa_raskazone: Wakuu salaam. Niko Tanga, shirika letu lina matawi karibu kila wilaya, tovuti tunalipia leseni kwa dola kila mwaka na kuongeza ukurasa mmoja tu mpaka umbembeleze aliyetuuzia, nataka nimshawishi bosi tuhamie Drupal au Joomla, programu huria za kuendeshea tovuti (msimbo wake uko wazi kwa yeyote), ila yeye anasema rahisi ghali. Nimjibuje?

fundi_ngamiani: Mwambie tovuti ya Ikulu ya Marekani ilihamia Drupal 2009, 2017 ikaenda WordPress, zote huria. Na Joomla ya 2005 jina lake ni "jumla" yetu hiihii! Ila mkuu usimwambie ni bure. Leseni ndo hulipi, hela inaenda kwa seva, bekapu, mafunzo na mtu wa kuapdeti.

bi_bagamoyo: Hapo kwenye kuapdeti nakazia. Sapoti ya toleo la Drupal 7 iliisha 5 Januari 2025, na kutoka toleo la 7 kwenda la 8 ilikuwa karibu sawa na kujenga upya, sasa kama huna fundi wa ndani unabaki umekwama. Sisi programu haikutusumbua, watu ndo walitutoa jasho, kila idara inataka habari yake iwe juu, kurasa za zamani hazina mwenyewe. Anzeni na intraneti (tovuti ya ndani ya wafanyakazi tu), mgawane nani anaandika nani anapitisha, tovuti ya nje baadaye.

mtoto_wa_raskazone: Asante dada, hilo la intraneti bosi atalielewa. Jumatatu naenda nalo.