Mourvèdre Unguja: itaiva kabla ya vuli?

Maweni_Makunduchi: Wakuu, nataka kujaribu Mourvèdre, zabibu nyekundu ya mvinyo inayochelewa kuiva. Kule Ufaransa inasifiwa ile ya Bandol, mji wa ufukweni, na bahari sisi tunayo. Shamba ni maweni, udongo kiasi cha shubiri moja. Nipogoe lini, na mvinyo wake una matatizo gani?

Zabibu_Dodoma: Bahari peke yake haitoshi, mkuu. Bandol kuna baridi ya kuulaza mzabibu. Unguja haulali, unalazimishwa kwa kupogoa, kwa hiyo kuchelewa kunahesabiwa kwa siku tangu kupogoa, si kwa mwezi. Pogoa mwanzo wa Juni, masika ikikatika. Siku 130 za kuiva zikipita uko katikati ya Oktoba na vuli inapiga hodi. Vichala vya Mourvèdre vimebanana. Punje zikinywa mvua zinapasuka, na kuvu inaingia katikati ambako dawa haifiki. Rangi nayo haishiki vizuri usiku ukiwa wa joto. Dodoma tuko mita 1,100 hivi juu ya bahari, usiku unapoa.

Bwana_Shamba: Sheikh, maweni ni chokaa tupu. Majani machanga yakiwa manjano na mishipa ikabaki kijani, si kiu hiyo. Chuma kimefungwa na chokaa. Nunua miche iliyopandikizwa juu ya shina la 41B au 140 Ruggeri, aina za mizizi zinazostahimili chokaa. Vunja jiwe shimo la sentimita 60 kila upande, jaza udongo na samadi iliyooza. Jivu usitie kabisa, linazidisha chokaa. Salfa ya ubwiri unga (kuvu nyeupe kama unga juu ya majani) piga asubuhi mapema, jua kali likiikuta inaunguza majani, na uiache wiki 4 kabla ya kuvuna.

Pipa_na_Kizibo: Hapo kwenye salfa pana jambo. Mourvèdre ikikosa hewa hutoa harufu ya mayai viza, na mabaki ya salfa yanaizidisha. Ukiisikia, hamisha mvinyo chombo kingine mapema, uanguke kwa kishindo upate hewa. Ukichelewa inageuka ya kitunguu, na hiyo hewa haiitoi. Pima pH pia, kipimo cha uchachu: ikizidi 3.8 uchachu ni mdogo, ongeza asidi ya tartari gramu 1 kwa lita, upime tena.

Maweni_Makunduchi: Nikipogoa katikati ya Mei je, nikaiwahi vuli?

Zabibu_Dodoma: Machipukizi laini yatakutana na mvua za mwisho, ubwiri vinyoya, kuvu ya majani mabichi yenye unyevu, utayamaliza. Labda uyafunike kwa nailoni wiki tatu za mwanzo, pembeni pawe wazi upepo wa kusi upite. Anza na miche kumi tu.