Mr. Bad Guy ya Freddie Mercury ilibuma kwa nini?

mzee_wa_kaseti: Wakuu habari zenu. Siku hizi narudia rudia Mr. Bad Guy, ile albamu ya solo ya Freddie Mercury ya 1985, bila bendi yake ya Queen, kuna kitu kinanitatiza. Nyimbo zote 11 kaandika mwenyewe, sauti iko vizuri kinoma, halafu kwenye chati za Marekani ikaishia namba 159! Uingereza afadhali, ilifika namba 6. Nyimbo mbovu au watu walimtaka na Queen tu?

besi_nzito: Mkuu nyimbo siyo mbovu, tatizo mapigo. Kairekodi Munich, studio za Musicland, na produsa Mack ambaye alishafanya kazi na Queen, ila safari hii Brian May, mpiga gitaa wa Queen, hayupo, gitaa kapiga Paul Vincent na mara nyingi limezikwa chini ya vinanda vya umeme. Chukua wimbo wa Made in Heaven wa 1985 halafu weka ile waliyoirudia Queen 1995, Freddie keshafariki, wakachukua sauti yake ile ile wakaijengea ngoma za Roger na gitaa la Brian, aisee wimbo umenenepa mpaka unasisimka. I Was Born to Love You hivyo hivyo.

dada_wa_sinthi: Kaka besi nakukatalia, mbona Living on My Own umeiruka? 1985 iliishia namba 50 Uingereza, 1993 wakaifanyia rimiksi ya klabu kabisa, ikakaa namba 1. Kwa hiyo vinanda havina kosa, Freddie alikuwa anapenda disko kweli, na mashabiki wa roki hasa wa Marekani walishanuna tangu Hot Space, albamu ya Queen ya 1982 yenye disko, so hii wakaipita tu. Na sikiliza pale katikati anapoacha maneno anaanza kuchezea sauti kama tarumbeta, gitaa lingekuja kufanya nini pale?

besi_nzito: Haya ya klabu chukua. Ila Made in Heaven siyo disko dada, ule wimbo unadai mtu apige ngoma kwa hasira.

paka_wa_jerry: Mnasahau Live Aid, lile tamasha kubwa la hisani la 1985. Albamu imetoka mwisho wa Aprili, Julai 13 Queen wakapanda Wembley, baada ya pale nani tena anakumbuka solo? Na kwenye kava aliwashukuru wenzake wa Queen, Brian, Roger na John, kwa kutomwingilia, halafu albamu akaitunuku kwa paka wake Jerry 😂😂 huyo hakuwa anabembeleza mtu.

mzee_wa_kaseti: Hahaha ya paka sikuijua. Kuna toleo jipya nimeona, lina tofauti au ni kava tu?

dada_wa_sinthi: La 2019 hilo, wamemiksi upya kutoka tepu zile zile bila kurekodi kitu kipya. Anza na Man Made Paradise, na besi naye akaisikilize aache kununa.