Mjadala: Uchumi ni sayansi kweli, au ni siasa yenye hesabu nyingi?

Mchokozi_Mkuu: Wakuu, naomba leo tuulizane bila povu. Uchumi ni sayansi ya jamii kama zilivyo nyingine, lakini ndio pekee ambayo watu wake wanakaa meza moja na marais. Nchi ikiishiwa hela haitwi mwanasosholojia, anaitwa mchumi na lugha yake ya kubana matumizi. Halafu 2008 mabenki yanapukutika, Malkia Elizabeth anaenda London School of Economics mwezi wa 11 anauliza ilikuwaje hakuna aliyeona, barua ya majibu wasomi wanakuja kumwandikia mwaka uliofuata! Swali langu: haya mamlaka waliyonayo walipewa na nani? Maana hata hiyo tuzo yao ya Nobel ni ya kuungaunga.

MzeeWaHesabu: Ya kuungaunga kivipi? Inatolewa Stockholm, siku moja na za fizikia na kemia, mfalme yule yule anawakabidhi. Mtu ukiwa huna hoja unarukia tuzo za watu.

Kobe_Mkongwe: Mzee hapo umeteleza. Alfred Nobel, mwanzilishi wa hizo tuzo, aliandika wosia 1895 na uchumi hakuutaja kabisa. Hiyo ilianzishwa 1968 na benki kuu ya Sweden ilipotimiza miaka 300, wa kwanza wakapewa 1969. Yaani benki ndiyo inalipia tuzo ya watu wanaozishauri benki, na sisi tupige makofi.

MzeeWaHesabu: Kwani hela ikitoka benki ndio nadharia inakuwa ya uongo? Jibu hoja.

Kobe_Mkongwe: Haya, hoja hii hapa. 1974 walipewa wachumi Hayek na Myrdal kwa pamoja, mmoja anataka serikali ikae mbali na soko, mwingine anataka iingie mzima mzima. 2013 tena, Fama anayeamini bei za soko zina akili na Shiller anayesema soko linapandwa na wazimu. Fizikia gani inawapa wawili wanaopingana hivyo? Na huyo Hayek mwenyewe kwenye hotuba yake ya shukrani alisema angeulizwa mapema angeshauri tuzo isianzishwe, kwa sababu inampa mtu mmoja sauti kubwa ambayo kwenye uchumi hakuna anayestahili.

MzeeWaHesabu: Ila hela alichukua 😂

dadaTakwimu: Jamani mmeacha mada mnagombania medali. Ugumu wa uchumi si kwamba wachumi ni wajinga. Mvua haijali kama umeitabiri au hujaitabiri, itanyesha tu. Sasa gavana wa benki kuu akitamka kwamba bei zitapanda, watu wanakimbilia kununua leo, wafanyakazi wanadai nyongeza mapema, na bei zinapanda kweli. Kinachopimwa kinamsikia anayekipima. Ndio maana hata kanuni iliyofanya kazi miaka 20 inaweza kugeuka, kama ile ya kwamba mfumuko wa bei ukiwa juu ukosefu wa ajira unashuka, ilipofika miaka ya 70 vyote viwili vikapanda pamoja.

Mpita_Njia: Dada umeandika vizuri ila umewatetea sana. Waliobanwa matumizi Ugiriki nao walikuwa wanasikilizana na kipimo? Unaikumbuka ile karatasi ya utafiti ya wachumi Reinhart na Rogoff ya 2010, deni likivuka asilimia 90 ya pato la taifa ukuaji unadondoka? Mbunge Paul Ryan kule Marekani aliiweka mpaka kwenye bajeti yake. 2013 mwanafunzi Thomas Herndon akaomba lile faili la Excel afanye kazi ya darasani, kulifungua anakuta fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zimeachwa nje! Australia, Austria, Ubelgiji, Canada na Denmark. Walisema wastani wa ukuaji kwa nchi zenye deni hilo ni asilimia -0.1, yeye na walimu wake waliporudia wakapata asilimia 2.2.

MzeeWaHesabu: Usipotoshe, si Excel peke yake iliyoleta tofauti hiyo, kubwa ilitokana na miaka waliyoiacha na jinsi walivyozipa nchi uzito. Na nani aliyegundua? Wachumi wenyewe! Hiyo ndiyo sayansi inavyofanya kazi, mdogo wangu, au wewe ulisomea wapi?

Mpita_Njia: Shule yangu inaingiaje hapa? Miaka mitatu karatasi inatembea kwenye meza za mawaziri, watu wanakosa kazi, wewe unaniambia ndivyo inavyofanya kazi. Na usiniite mdogo wako.

Kobe_Mkongwe: Mzee huwa akibanwa anauliza vyeti. Wachumi Merton na Scholes walikuwa na vyeti, Nobel 1997, mwaka uliofuata mfuko wa uwekezaji waliokuwemo, LTCM, ukazama mpaka mabenki 14 yakachangishana dola bilioni 3.6 kuuokoa.

Mchokozi_Mkuu: Wakuu, mimi niliuliza mamlaka…

MzeeWaHesabu: Ngoja kwanza, wewe ndiye uliyeleta Nobel hapa.

dadaTakwimu: Basi na mimi niingie huko huko. 2002 alipewa Kahneman, mwanasaikolojia. 2009 Elinor Ostrom, mwanasayansi ya siasa, aliyeonyesha watu wanaweza kusimamia wenyewe msitu au maji yao ya pamoja bila serikali wala kubinafsisha. Mkitaka kuifuta tuzo nzima, na hao wanakwenda.

Kobe_Mkongwe: Ostrom aachwe, hakuwa mchumi.

MzeeWaHesabu: Ahaa! Akipatia si mchumi, akikosea ni mchumi. Sasa hapo nani anafanya siasa?

Mpita_Njia: Mzee bado hujanijibu ile miaka mitatu.